Mafungo ya Wikiendi: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana: Mafungo ni kushinda na njaa

Jina ndilo linalopotosha. Kinachofungwa hapa ni mlango: mtu anajitenga na shughuli, simu na kelele ili asali na kujitazama. Ratiba ya kawaida huanza Ijumaa saa 11 jioni na kuisha Jumapili saa 7 mchana, yaani usiku 2 na milo 6. Kama ada uliyotajiwa haihusishi kitanda na milo hiyo, uliza inalipia nini.

Vipo vikundi vinavyoongeza funga siku ya Jumamosi, na anayetaka afunge. Ila funga kavu, bila hata tone la maji, kwenye joto la mchana la Mwanza huleta kichwa kuuma na kizunguzungu ambacho wengine hukiita mguso wa Roho. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asifunge bila kuongea na daktari wake. Sukari ikishuka atatetemeka, atatoka jasho na kuanza kusema yasiyoeleweka, na mwombeaji asiyejua atakemea pepo wakati kinachotakiwa ni kumkorogea vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, mradi bado anaweza kumeza.

Dhana: Asiyelia hakuguswa

Hii ndiyo inayoharibu mafungo mengi. Jumamosi usiku taa zinapunguzwa, kinanda kinapigwa polepole, msemaji anamtaja mama aliyefariki, na ukumbi mzima unaangua kilio. Machozi yanatuliza, hilo ni kweli. Lakini watu waliolala saa chache, wamechoka na wamekaa pamoja gizani watalia hata kama hakuna kilichopona. Na yupo anayekaa kimya macho makavu huku ndani kazi kubwa inaendelea.

Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyepatwa na jambo zito karibuni: msiba, ajali, kubakwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa namna hiyo asiwekwe kwenye kikao cha kumsimulisha tukio lote kwa mkupuo, kwa kuwa hakimkingi na maumivu ya baadaye. Hapa kandokando ya Ziwa Victoria, hilo si jambo la vitabuni. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 wakafa watu 228. Kuna aliyebeba msiba wa ziwa miaka na miaka bila kuutamka. Ukimpa mtu huyo kipaza sauti mbele ya watu 80 atafunguka, kisha saa 4 usiku msemaji ameshakwenda kulala na yeye amebaki peke yake na picha zilizorudi.

Penye utaratibu mzuri, watu hugawanywa vikundi vya 6 hadi 8, kila kikundi na mwezeshaji wake. Kila mmoja anapewa dakika 5 hadi 7, na neno "napita" linakubalika bila kuulizwa sababu. Hakuna anayetoa ushauri kwa mwenzake, wala anayewekewa mikono kabla hajaulizwa kama anataka.

Mtu akianza kuhema haraka, mikono ikafa ganzi, au akatazama mbali asijibu anapoitwa, simulizi isimame hapo hapo. Mwambie akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, macho yawe wazi, ataje vitu 5 anavyoviona: dirisha, kiti, kandambili za jirani, chochote. Kisha avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, arudie mpaka mabega yashuke. Kosa la kawaida hapa ni kumzunguka watu kumi na kuongeza sauti ya maombi, anazidi kupotea. Mtu mmoja aliyetulia na kikombe cha chai wanatosha.

Hata ratiba inasema mengi. Mada moja ya dakika 40 inahitaji angalau saa nzima ya kimya baada yake. Ukiona Jumamosi ina mada 7, hiyo ni semina iliyovaa jina la mafungo. Mazoezi ya Kiroho ya Ignasi wa Loyola, ambayo mafungo mengi ya Kikatoliki yamechota kwake, yakifanywa kamili huchukua kama siku 30.

Dhana: Ukishaombewa, acha dawa

Dawa za kifafa kama fenobabitoni zikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hapo maisha yako hatarini. Dawa za sonona zikiachwa ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Sonona yenyewe huweza kurudi wiki kadhaa baadaye, ushuhuda ukiwa umeshatolewa kanisani. ARV zikiachwa, virusi huzaliana upya na huweza kujenga usugu. Beba dozi za siku 4 kwenye pakiti yake, na mwambie mratibu mmoja unatumia nini.

Anayesikia sauti, aliyekesha siku kadhaa mfululizo, au anayewaza kujiua, aende hospitali kwanza. Bugando wana idara ya afya ya akili. Mafungo yatakuwepo mwezi ujao.

Dhana: Yanayosemwa kikundini ni siri kama ya kitubio

Padre amefungwa na muhuri wa kitubio bila mwanya wowote. Kikundi kimefungwa na ahadi tu, na Mwanza ni ndogo: uliyekaa naye huenda anauza dagaa meza moja na wifi yako pale Mwaloni, Kirumba. Sema kile ambacho hata kikivuja utaweza kuishi nacho; kingine kipeleke kwa mnasihi, mlango umefungwa. Na mwezeshaji makini hutaja Ijumaa hiyohiyo kwamba habari ya mtoto anayedhulumiwa haifichwi, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Dhana: Kusamehe ni kurudi nyumbani

Mama anayepigwa anaweza kusamehe akiwa amelala kwa dada yake. Msamaha hauzuii kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mwezeshaji anayemhimiza ampigie mume simu Jumapili asubuhi, mbele ya watu, amevuka mpaka wake.

Dhana: Kuoga ziwani alfajiri kunatakasa

Sali ukiwa juu ya jiwe, Mwanza haina uhaba wa mawe. Vijidudu vya kichocho huishi kwenye konokono wa maji tulivu yenye majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Ukishaingia majini, kapime wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa na michanga huiacha.

Dhana: Jumapili unarudi mtu mpya

Jumapili jioni unarudi mtu aliyelala, aliyekula kwa wakati na aliyesikilizwa. Wepesi ule ni wa kweli, ila kwa wengi hupungua kufikia katikati ya wiki, daladala na madeni vikirudi. Kwa wiki 2 usifanye uamuzi mkubwa: kuacha kazi, kuvunja uchumba, kutoa kiwanja. Chagua dakika 15 za kimya kwa siku, saa ileile, na panga miadi na mnasihi kabla hujapanda gari la kurudi. Wanaotoka kisiwa cha Ukerewe waulize mapema ratiba ya kivuko, maana wengi huwahi kuondoka na kukosa kikao cha mwisho, ambacho ndicho cha kupanga hayo. Na huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hamu ya chakula na kazi ikatoweka, hiyo inahitaji kliniki, hata kama mafungo yalikuwa mazuri.