Je, wajua kwa nini mifumo ya akili unde huandikwa badala ya kubofywa?

Kukodi seva kwenye wingu, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, ni suala la kubofya vitufe vichache tu. Sasa kwa nini wahandisi wa ujifunzaji wa mashine wanahangaika kuandika mafaili marefu ili kupata seva hiyo hiyo?

Tuseme vijana watatu wa Ngamiani, Tanga, wanatengeneza programu ya kutambua kwa picha ule ugonjwa wa madoa ya majani wenye jina la Korogwe, unaosumbua mkonge chotara 11648. Picha zinapigwa mashambani Muheza na Korogwe. Zihifadhiwe, zisafishwe, zifundishie modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano), modeli ipimwe, kisha iwekwe mahali ambapo simu ya bwana shamba itaifikia. Kila hatua ina mashine zake na ruhusa zake. Mkipanga yote kwa kubofya, mfumo unabaki kichwani mwa aliyebofya. Akipata kazi Dodoma, anaondoka nao.

Kwa zana kama Terraform, iliyotoka mwaka 2014, unaandika unachotaka kiwepo. Yenyewe inalinganisha maandishi yako na kilichopo, halafu inashughulikia tofauti tu. Kabla ya kugusa chochote inakuonyesha mpango: + ni cha kuundwa, - cha kufutwa, ~ cha kurekebishwa. Badilisha idadi ya seva kutoka 1 hadi 4, utaona 3 za kuongezwa. Badilisha jina la hifadhi ya picha iliyoko kwenye wingu la Amazon uone: inatokea -/+, maana jina hilo halirekebishiki, hifadhi inafutwa na kuundwa nyingine. Afadhali hifadhi yenye vitu ndani hugoma kufutwa mpaka uwe umeandika kwamba unaruhusu. Diski haina huruma hiyo.

Halafu kuna hela. Seva yenye GPU, chipu ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo inayotumika kufundishia modeli, hulipiwa kwa muda inaowaka, iwe inafanya kazi au imekaa bure. Mfumo ulioandikwa unaubomoa Ijumaa jioni kwa amri moja na kuuinua Jumatatu. Uliobofywa, nani athubutu kuugusa? Kwangu mimi sababu hiyo peke yake inatosha.

Tena modeli zina ukorofi wake. Msimbo unaweza kubaki uleule na modeli ikatoka tofauti, kwa kuwa picha za masika si sawa na za kiangazi. Ndiyo maana hatua za mafunzo nazo huandikwa, kwa zana za kupanga hatua za kazi kama Kubeflow au Airflow, na kila modeli huwekewa alama ya toleo la msimbo na la data vilivyoizaa. Bwana shamba akisema programu imeanza kukosea, mnajua pa kuanzia kutafuta. Na hatua ambayo haijabadilika, Kubeflow inaweza kutumia majibu ya awali bila kuirudia.

Jambo moja la kuangalia: Terraform hutunza kumbukumbu ya vilivyopo katika faili la hali, na nywila zinaweza kukaa humo waziwazi. Faili hilo lisipelekwe Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na msimbo. Liwekwe kwenye hifadhi ya mbali yenye kufuli, ili wawili kati ya wale watatu wasije wakatuma mabadiliko kwa wakati mmoja.