Kabla ya kuleta mashine chuoni, ulizia vipuri vyake

Kila mwaka hatukosi kampuni, au mhitimu wetu wa zamani, anayepiga simu kutaka kuisaidia idara ya uhandisi mitambo. Simu hizo hunifurahisha mno. Swali la alete nini ndilo linalotaka mazungumzo marefu.

Nianze na hesabu ndogo ya karakana. Wanafunzi 12 wakizunguka lezi moja, mashine ya kukereza chuma kinachozunguka, kwa kipindi cha saa 3, kila mmoja anaishika kwa dakika 15. Katika dakika hizo afunge chuma, apange mwendo, akate, kisha apime kwa vania, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita. Wenzake 11 wanatazama. Na kukereza hakujifunzwi kwa macho, kama ambavyo hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kukaa mchangani Coco Beach.

Kwa hiyo mashine tunazihitaji, ila mashine haiji peke yake. Tuliwahi kupewa moja nzuri sana, ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta. Ilifika bila kitabu cha maelekezo, bila visu vya akiba, na ilitaka umeme wa njia tatu ambao chumba tulichoitengea hakikuwa nao. Ilikaa kwenye kasha muda mrefu. Tulipoiwasha hatimaye, kadi yake ya kielektroniki ikaungua, na mtengenezaji alishaacha kutoa toleo lile. Mtoaji alikuwa na nia njema kabisa. Sisi hatukumuuliza, naye hakutuuliza. Tangu siku hiyo naomba mchango wa mashine uje na vipuri vya kuanzia, gharama ya kuisimika, na siku chache za mtaalamu wa kumfundisha fundi wetu wa karakana. Huyo fundi husahaulika, wakati yeye ndiye atakayebaki na mashine hiyo profesa akishahamia kazi nyingine.

Vitu vidogo navyo visidharauliwe. Pakiti za elektrodi za kuchomelea, vipande vya chuma vinavyobaki kiwandani, miwani ya usalama, glavu: vinaisha ndani ya muhula mmoja, lakini kila kimoja kimepita mikononi mwa mwanafunzi.

Kuungwa mkono si jambo geni kwetu. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kijana wa Tanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, kwa kuwa Dar es Salaam ilipewa sheria na Makerere udaktari. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, na Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Siku hizi viwanda vipo jirani, Chang'ombe, Vingunguti na Barabara ya Nyerere yote, na kwa maoni yangu huko ndiko uko utajiri ambao hatujaugusa vya kutosha.

Kiwanda kinaweza kutupa kitu kisichouzwa dukani, yaani tatizo halisi. Chukua pampu inayokula beringi, yaani vile vishikio vinavyoiwezesha shafti kuzunguka kwa wepesi, kila baada ya wiki chache. Mafundi wanabadilisha beringi, uzalishaji unaendelea, hakuna mwenye nafasi ya kuuliza kwa nini. Mkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho beringi zilizokufa na daftari la matengenezo. Atazikagua kama zimeingia vumbi, kama grisi ilikuwa pungufu au ya aina isiyofaa, kisha atapima kama shafti ya mota na ya pampu zimenyooka pamoja. Kiwanda kinapata jibu, yeye anapata mradi wa kuhitimu. Nafasi za PT, yaani mafunzo kwa vitendo, wakati wa likizo ndefu ni mchango wa namna hiyohiyo, mradi kijana asiishie kupanga mafaili ofisini.

Kwa wanaotoa fedha, yapo mambo mawili. Mchango upitie akaunti rasmi ya chuo, kwa barua inayotaja umekusudiwa kazi gani, na udai risiti. Pia ipo Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Sheria inatoa nafuu ya kodi kwa wanaouchangia, hivyo mhasibu wako azungumze nao kabla fedha hazijatoka.

Na kama ulichonacho ni mashine, usiipakie kwenye lori kwanza. Piga picha kile kibati chake chenye jina la mtengenezaji, mwaka na mahitaji ya umeme, uje na picha hiyo karakana. Tutasimama na fundi wetu mahali itakapokaa, tupime mlango.