Kipaumbele cha mji ni kitu gani hasa

Swali ni hili: vipaumbele vya meya wa mji unaokua haraka ni vipi hasa? Neno kipaumbele siku hizi limekuwa kama chumvi, halikosi kwenye hotuba. Kiongozi akishika maiki tu, maji ni kipaumbele, barabara ni kipaumbele, vijana kipaumbele, kina mama kipaumbele, na wazee wasije wakanuna nao pia kipaumbele. Ukihesabu ukafika kumi na tano wajua huyu bado hajasema kitu. Manake neno lenyewe lajieleza, ni kile kinachopewa umbele, na wa mbele kwenye foleni ni mmoja, wakiwa wote wako mbele hapo hakuna foleni tena, ni watu wagombania matatu.

Kwa hivyo maana yake ya kawaida kabisa ni hii: pesa hazitoshi, tuanze na nini, na nani tutamwambia asubiri. Hiyo nusu ya pili ndo haitajwi jukwaani. Nyumbani kila mtu aijua bila semina, mshahara ukiingia kuna kodi kuna ada ya shule kuna deni la dukani, na kile kiti cha sebuleni kilichovunjika mguu kinaegemezwa tofali mpaka mwakani. Tofali lile ndo ushahidi kwamba hapa kulipangwa. Mji ni vivyo hivyo, ila mafungu yake makubwa zaidi na wenye kuvunjikiwa viti ni wengi.

Sasa tuje kwa meya. Hapa Malindi, pwani ya Kenya, watu wa rika langu kwenda juu bado wasema "meya afanye hivi", na hata kijana wa bodaboda akiona askari wa kaunti apiga kelele "kanjo hao!", jina la askari wa lile baraza la zamani, lakini meya hatuna. Katiba ilianza 2010, uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ukaleta kaunti 47, na lile baraza la manispaa na madiwani wake likafungwa, sisi tukawa chini ya kaunti ya Kilifi. Mji saa hizi ni manispaa yenye bodi na meneja, kwa ile sheria ya miji na majiji ya 2011 ambayo 2019 ilirekebishwa wakashusha kiwango, sasa mahali penye watu 50,000 paweza kuitwa manispaa, mwanzo ilikuwa 250,000. Bodi ni ya watu tisa na baadhi yao wapendekezwa na vikundi vya mjini, wafanyabiashara, wataalamu, jua kali yaani mafundi na wachuuzi wa kujiajiri, wakaazi. Ila bajeti yapitishwa na bunge la kaunti, na gavana na mawaziri wake ndo wenye kuipanga. Kwa hivyo ukiskia mtu asema vipaumbele vya meya, kwa huku kwetu soma vipaumbele vya manispaa, halafu uliza pesa yenyewe iko mkononi mwa nani. Na usidhani zamani ilikuwa tamu sana, yule meya hukumchagua wewe wala mimi, alichaguliwa na madiwani wenzake. Jirani zetu wa Tanzania mpaka leo ndo hivyo, meya atoka kwa madiwani na kazi za kila siku ziko kwa mkurugenzi.

Jingine linalochanganya ni watu kudhani mkubwa wa mji aweza kila kitu. Taka, mitaro, masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, chekechea, zahanati, ramani ya nani ajenge wapi, hizo ni za kaunti na manispaa. Polisi si wao. Shule ya msingi na sekondari si zao. Barabara kuu ya kwenda Mombasa si yao. Maji ni ya kaunti kuyasambaza, lakini yatoka Baricho kando ya mto Sabaki, na Baricho hiyohiyo ndo yapeleka maji Kilifi na Mombasa, chini ya shirika la serikali kuu. Sasa mtu akikuahidi maji kila nyumba kila siku na bomba lenyewe hulifungua mwingine, hicho si kipaumbele, ni dua.

Haya, mji unaokua haraka. Hapa ndo penyewe na hapa ndo nataka kukaa kidogo.

Kaunti ya Kilifi ilihesabiwa watu 1,109,735 mwaka 2009, ikahesabiwa tena 2019 wakawa 1,453,787. Miaka kumi, zaidi ya watu laki tatu na arobaini elfu wa ziada. Si wote wako Malindi, kuna Mtwapa kuna Kilifi mjini kuna Mariakani, lakini sisi tumepata fungu letu na halihitaji sensa, panda tuktuk sokoni mwambie akupeleke Muyeye au Barani uone mikorosho mingapi imebaki.

Mimi niko upande huo. Nilipohamia ulikuwa ukitoka mlangoni wapita chini ya mikorosho mpaka barabarani, watoto waokota mabibo, kivuli tupu. Shamba lilikuwa la familia moja, mzee akafa, likakatwa ploti arubaini kwa themanini, baadaye arubaini kwa sitini, mwisho mtu auziwa pembe ya kutosha chumba na choo. Kila mnunuzi aliambiwa njia ipo. Na kweli ipo, ya mkokoteni. Basi choo cha jirani yangu kikajaa, akaita gari la kunyonya, likaja likasimama kule kwenye mwembe. Dereva akashuka akaja akihesabu hatua, akarudi akatoa mpira, haukufika. Akaunganisha mwingine, haukufika. Akasimama akatazama kuta za watu kulia na kushoto kama mtu aliyeletwa kwenye chupa aambiwe aingie, akadai pesa ya mafuta akaondoka. Jirani akachimba shimo jipya uani kwake, hatua kumi na nne kutoka kisimani, nilizihesabu mimi mwenyewe. Kisima hicho ndo tunateka maji ya kuoga na kufulia bomba likikauka, na wako wanaoyachemsha wakanywa.

Tazama vizuri hapo tatizo lilianza wapi. Si kwenye choo, wala si kwenye gari. Lilianza siku shamba lilipokatwa na hakuna aliyekuja na kamba na bikoni, zile alama za mpaka, akasema njia ipite hapa, futi kadhaa, asijenge mtu. Siku ile ingekuwa ni mtu wa sovea, yaani mpima ardhi, rangi nyekundu na vyuma vichache vya kupigilia chini, basi. Leo kupata njia ileile lazima ubomoe kuta nne na jiko la mtu, ulipe fidia, uende kotini, na kiongozi apoteze kura zote za mtaa ule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi huku ni kinyume, ukuta umeshajengwa na ndo tatizo lenyewe.

Kwa hiyo kwenye mji unaokua mbio kupanga foleni kuna kipimo chake, na kwa maoni yangu ni kimoja kinachozidi vyote: kitu gani bei yake yapanda kila tukikaa? Hicho ndo kitangulie, hata kama hakipigiwi makofi. Njia za mitaani kabla watu hawajajenga. Mkondo wa maji ya mvua kabla haujageuzwa ploti, kwa sababu mwezi wa tano huku mvua haiulizi, na maji yana kumbukumbu, yatarudi palepale yalipozoea kupita hata ukiwa umeweka duka la dawa. Ardhi ya shule, ya soko, ya maziara, ya jaa la taka. Jaa hasa. Kila mtu ataka taka ziondolewe na hakuna ataka zije kwao, kwa hivyo ukisubiri mpaka kila mahali pana nyumba utakuwa wamwaga taka dirishani mwa mtu popote utakapomwaga.

Na kuna vile ambavyo vikingoja haviharibiki. Ofisi mpya ya vioo. Lango la kukaribisha wageni. Taa za rangi ufukweni. Sisemi ni vibaya, mji wetu wala kwa utalii na mgeni akipotea gizani ni hasara kwa wote, nasema tu kwamba lango ukilijenga miaka mitano baadaye bei yake itapanda na bei za simenti tu, lakini njia ukiikosa miaka mitano hiyo haipo tena kuinunua.

Kipimo cha pili ni mpangilio wa kazi zenyewe, yaani kipi kiko chini ya kipi. Mtaa mmoja huku mjini uliwahi kuwekwa kabro, yale matofali ya kutandika njia, ikapendeza wallahi, watu wakaanza kukaa nje jioni, muuza viazi karai akahamishia meza yake pale. Haukupita muda wakaja watu wa mabomba. Kabro zikang'olewa, zikapangwa pembeni kama vitabu, mtaro ukachimbwa bomba likapita, na ziliporudishwa kila moja ilirudi na hasira zake, moja juu moja chini, tuktuk ikipita abiria ajua idadi ya meno yake. Hakuna aliyeiba pale, angalau mimi sijaona, walikuwa ni watu wawili kila mmoja na kipaumbele chake na hawakuongea. Bomba liko chini ya kabro, basi laanza bomba. Ni rahisi hivyo ukisema, na kwa sababu bomba likishazikwa halionekani hakuna wa kukata utepe wake, kabro yaonekana kwenye picha.

Mtu aweza kuniuliza, sasa wewe raia wa kawaida utajuaje kipaumbele cha kweli ni kipi. Usiangalie hotuba, angalia makaratasi, na uangalie kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka sharti ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha, ule wenye kusema idara ipi itapata kiasi gani, mwisho wake ni 28 Februari. Makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mwaka wa fedha waanza 1 Julai. Sasa wengi wetu huamka mwezi wa tano au wa sita tukaenda kupiga kelele, wakati foleni ilishapangwa tangu mwezi wa pili na wewe waenda kugombana na mtu aliye dirishani tayari. Na sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, kwa hivyo kubwa lililobaki ni mishahara, mafuta, matengenezo na safari, ugomvi wote wa barabara na soko na mitaro uko kwenye lile fungu dogo. Ukilipata karatasi lile tafuta jina la wadi yako, Shella, Ganda, Jilore, Kakuyuni au Malindi Town, halafu usisome tu kilichoandikwa, soma pia kilichokuwepo mwaka jana na mwaka huu hakipo. Hicho ndo kiliambiwa kisubiri.

Nilihudhuria kikao kimoja cha kutoa maoni. Viti vya plastiki, soda, karatasi lenye jedwali la Kizungu ambalo nusu ya ukumbi walilitumia kujipepea. Afisa akasimama, kijana mstaarabu tu, akasema tuko hapa kusikia vipaumbele vyenu, kwa hivyo wananchi mwataka nini? Ikawa kama mnada. Huyu uwanja wa mpira, huyu zahanati, huyu taa, mzee mmoja ataka barabara ya kwake mpaka msikitini, kijana ataka studio ya kurekodi. Afisa aandika tu, amekubali kila kitu, ukurasa umejaa.

Mwisho akainuka mama mmoja, muuza mahamri, nilikuwa namjua kwa sura. Akasema, mwanangu, mwatuuliza twataka nini, twataka vyote, hata hicho cha huyu kijana cha kuimbia twakitaka. Tuulizeni tuanze na kipi. Na hicho cha mwisho mtuambie chaja lini, ili mtu asikae akingoja.

Ukumbi ukapiga makofi. Afisa akatikisa kichwa kwa heshima, akainama, akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikachungulia. Ameandika: maji.