Uungu wa Yesu Haukupigiwa Kura Nisea

DHANA: Kaisari Konstantino ndiye aliyemfanya Yesu kuwa Mungu, mwaka 325, kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea.

UKWELI: Maneno haya yanawayumbisha vijana wengi kanisani, na inaniuma kwa sababu jibu lake liko wazi. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu Wakristo aliowahoji. Walimweleza kwamba hukutana kabla hakujapambazuka na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama mungu. Waliokataa kumkana aliamuru wauawe. Na Nisea, ambayo leo ni Iznik nchini Uturuki, ni mji wa Bithinia hiyohiyo! Watu wa huko walikuwa wakimwabudu Kristo, tena kwa kuhatarisha roho zao, miaka 200 na zaidi kabla maaskofu hawajaketi pale. Paulo naye alikwisha kuandika kwamba kwa jina la Yesu kila goti lipigwe (Wafilipi 2:10).

Basi maaskofu walibishania nini huko Nisea? Ario, padri wa Aleksandria, hakusema Yesu ni mtu tu. Alifundisha kwamba Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, ila naye ameumbwa. Maaskofu wakamjibu kwa maneno tunayoyakiri hadi leo: aliyezaliwa bila kuumbwa. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337, akiwa mgonjwa wa kufa, na askofu Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Kaisari Konstansio, mwana wa Konstantino, akamfukuza askofu Athanasio, mtetezi mkubwa wa imani ya Nisea. Imani hii ilidumu huku ikulu ikiipiga vita.

DHANA: "Mwana wa Mungu" maana yake Mungu alikuwa na mke.

UKWELI: Ukristo haujawahi kufundisha hivyo. Mkristo hulikataa hilo kwa nguvu ileile anayolikataa nayo jirani yake Mwislamu. Mwana ni wa Baba tangu milele, pasipo mwili wala mama; kwa Mariamu alitwaa ubinadamu, kwa uwezo wa Roho Mtakatifu.

DHANA: Yesu ni nusu Mungu, nusu mtu.

UKWELI: Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ulisema ni Mungu kamili na mtu kamili. Yule aliyeikemea dhoruba ndiye aliyekuwa amelala chomboni, kichwa juu ya mto. Wakopti (Wakristo wa Misri) na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakukubali namna Kalkedonia ilivyolieleza jambo hili, lakini unusu huo nao wanaukataa.