Makofi si kipimo cha masikio

Wiki iliyopita bibi mmoja alimlaza mjukuu wake wa siku mbili kitandani, akapiga makofi mbele ya uso wake. Mtoto akashtuka, akatupa mikono. "Umeona, daktari? Huyu anasikia. Hiyo mashine ya kupima masikio ya nini tena?" Bibi huyo namwelewa. Ila siku hiyohiyo nilikuwa nimepokea mtoto wa miezi saba, kadi yake ya kliniki imeandikwa na mhudumu wa afya: "Anasikia vizuri." Nikauliza alipimwa vipi. Alitikisiwa funguo. Hapo ndipo nilipoona siwezi kunyamaza tena.

Ukimpigia kichanga makofi, humpelekei sauti peke yake. Unampelekea upepo, unampelekea kivuli cha mikono yako, na godoro linatikisika. Kichanga hushtuka kwa lolote kati ya hayo, hata ukimshusha ghafla tu. Tuseme umejificha nyuma yake na umehakikisha ni sauti tupu. Bado makofi ya karibu ni sauti kubwa mno. Mtu anayeongea kawaida ukiwa mita moja kutoka kwake hufika kwenye desibeli 60 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtoto aliyepungukiwa desibeli 50 ataruka mlango ukibamizwa, na papo hapo maneno ya mama yake yatamfikia kama mnong'ono. Umepima kama anasikia mlango. Mlango hautamfundisha Kiswahili.

Halafu kuna jambo ambalo hata wauguzi wazoefu hulipita: usikivu hauondoki wote kwa pamoja. Wapo watoto wanaosikia sauti nzito vizuri kabisa na kukosa zile nyembamba. Ngoma, honi ya lori, mlango, sauti ya baba, vyote wanavipata. Lakini "s" iko juu sana, sehemu kubwa ya nguvu yake imepita hezi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti), na ni sauti dhaifu. Mwite mtoto huyo "Asha", anapata "a…a", na anageuka. Mwambie "fisi", anapata "i…i". Familia imeridhika kwa sababu akiitwa anageuka. Akifika darasa la kwanza ataitwa mzito, mtukutu, asiyesikiliza, na atachapwa kwa hilo. Mtoto huyu ananinyima usingizi kuliko kiziwi kabisa, kwa kuwa kiziwi kabisa angalau nyumbani watamshtukia.

"Lakini mbona anatoa sauti?" Vichanga viziwi nao hulia, hucheka na kusema "aguu" miezi ya mwanzo. Tofauti huonekana wenzake wanapoingia kwenye "bababa" na "mamama", yeye akabaki nyuma au akanyamaza. Wakati huo nusu mwaka umeshapita. Lengo letu ni apimwe kabla ya mwezi 1, tuthibitishe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Mipaka hii haikuokotwa: utafiti wa Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha nzuri kuliko waliogunduliwa baadaye. Ubongo haungojei tumalize kubishana.

Na "kwetu hakuna kiziwi" haisaidii. Watoto wengi mno wenye tatizo hili huzaliwa na wazazi wanaosikia. Katika kila watoto 1,000 ni kama 1 hadi 3, na kwa njiti na waliolazwa wodi ya vichanga mahututi idadi inapanda sana. Kukata udata au kimeo hakufungui sikio. Mafuta ya moto ndiyo kabisa, yaacheni.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Sikio zima likipewa mlio hurudisha sauti yake hafifu. David Kemp alilionyesha hilo London mwaka 1978, na OAE, ile mashine aliyoiuliza bibi, hufanya kazi hiyo tu: inatuma mlio, inasikiliza kinachorudi. Mtoto akilala, ni dakika chache. Siku ya kwanza sikio huwa bado lina majimaji na utando wa uzazi, kwa hiyo mashine ikisema "arudiwe" haijasema "kiziwi". Wengi hupita mara ya pili. Tatizo ni kwamba mama aliyesikia "arudiwe" huku mshono bado unamuuma anaondoka na neno moja kichwani, na baadhi hawarudi. Sijapata namna ya kulisema lisimwumize.

Lakini linalonisumbua zaidi ni lile jibu lingine, "amepita". OAE hukagua hadi kwenye koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Neva iliyo nyuma yake haiioni. Mtoto aliyepata manjano kali anaweza kuwa na koklea nzima na neva isiyofikisha kitu kwenye ubongo. Anapita. Miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo OAE ndiyo mashine pekee tuliyokuwa nayo, nilimpitisha mtoto aliyekuwa amebadilishwa damu kwa manjano. Alirudi ana miaka miwili, hana neno hata moja, na mama yake ameikunja vizuri karatasi yangu ndani ya kadi. Kila mtu nyumbani alipokuwa na wasiwasi, yeye aliwaonyesha ile karatasi. Tulipompeleka kwenye ABR, kipimo kinachosoma kama neva inafikisha sauti kwenye ubongo, mistari ilikuwa tambarare: hakuna kilichofika.

Tangu hapo nauliza kwanza: manjano? Alizaliwa njiti? Alichelewa kulia? Alichomwa jentamaisini, dawa inayoweza kudhuru masikio, na kwa siku ngapi? Jibu likiwa ndiyo, OAE peke yake sitaitia sahihi. Ataenda ABR hata kama ni safari ya mkoa mwingine. Na kwenye karatasi ya kila aliyepita naandika kwa mkono: "Leo." Homa ya uti wa mgongo mwaka ujao inaweza kubadilisha kila kitu.

Yule mjukuu wa makofi sikio la kulia lilipita, la kushoto arudiwe. Nimempangia Jumanne baada ya wiki mbili. Bibi amesema atamleta mwenyewe, na anataka akae mahali ambapo ataiona skrini.