Mdogo aliye chini ya meza naye anasoma

Sisi tulianza kusomeshea watoto nyumbani 2020, shule za Kenya zilipofungwa Machi, wenzetu wakarudi wote Januari 2021 sisi tukabaki hivyo hivyo. Na swali ninaloulizwa mpaka leo si la mtihani, ni la mdogo. Huyu mdogo unamweka wapi ukiwa unamsomesha mkubwa? Anayeuliza mara nyingi ashakuja na jibu lake tayari, na majibu yenyewe mengi si kweli.

Dhana: Mtoe nje, hasikilizi, anavuruga tu.

Kuvuruga anavuruga, kuna siku kamwaga uji daftari zima la hesabu likalowa. Lakini kutosikiliza, hapana. Wangu akiwa na miaka minne alikuwa anakaa chini ya meza na kopo lake la vizibo vya soda, anapanga anapangua, mi najua hayuko nasi kabisa. Kakake yuko kwenye umoja na wingi, uzi nyuzi, uso nyuso, kafika "ufa" akakwama, kimyaaa, mara sauti inatoka chini ya meza, "nyufa!", na vizibo havijasimama. Nikamchungulia nikamuuliza, haya na ukuta je? "Nyukuta." Nilicheka lakini baadaye nikafikiria, nyukuta hajaisikia popote, hakuna mtu anasema nyukuta, kaiunda mwenyewe kwa kufuata alichosikia.

Kuna utafiti wa Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff wa 2009, walichukua ndugu wawili wawili, mmoja anafundishwa kutengeneza kitu cha kuchezea, mwingine anaambiwa subiri zamu yako. Baada ya wiki yule aliyesubiri akaletwa atengeneze kile kile cha mwenzake. Waliokuwa wametazama kwa makini walihitaji msaada mdogo zaidi, na watoto wa Kimaya wa Guatemala, wa zile familia ambazo hazijasoma sana shule, ndio waliotazama zaidi, kwa sababu kwao mtoto hutolewi kando, kazi za wakubwa unaziona tangu unatambaa.

Dhana: Hayo ni mambo ya wazungu, mtoto lazima akae na wa rika lake.

Jamani, chuoni, kule madrasa, tulikaaje? Mwalimu mmoja, jamvi moja, mdogo kafuatana na dadake tu kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye, kabla hajapewa juzuu yake ashabeba Alhamdu na Kulhuwallahu kwa kuzisikia. Na wakubwa ndio walikuwa wanatusikiliza sisi wadogo, mwalimu anapita tu na bakora yake. Hata huyo mzungu Maria Montessori alipofungua shule yake ya kwanza kule Rome 1907 watoto aliwachanganya umri.

Dhana: Akisema yote aliyosoma mkubwa, basi keshajua.

Hapa ndipo wazazi wengi tunajidanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Yule wa nyufa, jioni nikamuuliza ufa ni nini, akanambia ni ndege. Sauti ameishika, maana bado. Na kitabu ni hivyo hivyo, anafungua hadithi ya kakake anaisema ukurasa mzima na kidole kinatembea, wageni wanashangilia, kumbe kidole kiko mstari wa pili mdomo uko wa nne. Ukitaka kujua, funika picha kwa kiganja umuonyeshe neno moja la katikati. Akikuangalia usoni badala ya kuangalia neno, bado anakariri. Usimgombeze, mpe tu dakika zake kumi au kumi na tano kila siku, ba be bi bo bu, peke yake na wewe. Kiswahili hakina makuu, herufi inavyoandikwa ndivyo inavyotamkwa, akizishika silabi anakwenda mbio. Ila hizo dakika haziji zenyewe kwa kukaa chini ya meza.

Dhana: Mkubwa akimfundisha mdogo anapoteza wakati wake.

Jaribu kumweleza mtu kugawanya uone, pale usipoelewa ndipo unapokwama. 2007 watafiti wa Norway, Kristensen na Bjerkedal, waliangalia vijana zaidi ya 240,000 waliopimwa akili jeshini, wa kwanza kuzaliwa walikuwa mbele ya wa pili kwa pointi mbili hivi, kidogo tu si za kuringia. Sasa sikia, wa pili ambao kaka au dada yao mkubwa alifariki mdogo, wakalelewa kama ndio wakubwa, walipata sawa na wa kwanza. Kwa hiyo si tumbo, ni nafasi yako ndani ya nyumba, na wako wataalamu wanaosema sababu ni hiyo ya kuwa mwalimu wa wenzako, ingawa hilo bado wanabishania.

Lakini usimgeuze yaya. Mkubwa wangu siku moja kaniambia, "Mama, leo mwalimu nani, mimi au wewe?" Nikaona aibu, maana nilikuwa jikoni saa nzima.

Dhana: Basi mdogo mrushe madarasa.

Aah, polepole. Wangu kwa mdomo anajibu maswali ya Gredi 2, mpe penseli uone g imelala chali na jina lake limepanda juu kama ngazi. Nimemnunulia mkasi na udongo wa kufinyanga, daftari litangoja.