Chuo cha serikali Marekani kwa mtoto mwenye fikra huru: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Eti chuo cha serikali ni lile lichuo kubwa la futiboli, ukumbi umejaa watu mia tatu na profesa hakujui hata jina, kwahiyo mtoto mliberali, mwenye mambo yake, nywele za bluu na maswali yasiyoisha, lazima umtafutie chuo binafsi cha bei mbaya. Sio kweli bana. Kama mnaishi jimbo la Washington kuna Evergreen pale Olympia, cha serikali kabisa, kilianza kufundisha 1971, katikati ya msitu na kina ufukwe wake. Nembo yao ni geoduck, yule kombe mwenye shingo ndefu inayoning'inia nje, sasa chuo kilichojichagulia mdudu kama huyo unakitegemea kiwe na ukali gani? Masomo nayo hayajakatwakatwa, unachukua programu moja, walimu wawili au watatu wa fani tofauti wanaifundisha pamoja, mfano baiolojia na uchoraji humohumo.

Halafu hapo ndo wazazi wetu wanashtuka: hakuna A wala B! Wanasema basi huko ni kwenda kulala tu. Wakati badala ya gredi mwalimu anakuandikia maelezo marefu, ulisoma nini, uliandika nini, wapi ulilegea, na wewe mwenyewe unajiandikia tathmini yako. Mvivu hapo hana pa kujificha, mi naona ni afadhali C kuliko kuandikwa kwa sentensi kamili kwamba hukuleta kazi. Na masters watu wanaenda vizuri tu.

Kingine, "hicho chuo kinajulikana kwa uhuru tangu zamani". Zamani ni zamani. New College ya Florida, pale Sarasota, ndo ilikuwa kimbilio la watoto wa aina hii, ila Januari 2023 gavana DeSantis akateua wajumbe sita wapya wa bodi, mwezi huohuo rais wa chuo akaondolewa, Agosti bodi ikapiga kura kuanza kufuta programu ya masomo ya jinsia, na walimu wengi wakaondoka. Chuo cha serikali bosi wake ni siasa za jimbo, kwahiyo soma habari za mwaka huu, usisome sifa alizokupa binamu aliyemaliza 2009. Hata UC Santa Cruz, iliyoanza 1965 na maelezo badala ya gredi, siku hizi inatoa gredi kama wengine.

Na hili la ada ya mkazi, yaani ile nafuu wanayolipa wenyeji wa jimbo: kuhamia kwa shangazi jimbo lingine mwezi wa nane hakukufanyi mkazi. Majimbo mengi yanataka miezi 12, na kama umehamia kwa ajili ya shule tu mara nyingi haihesabiki, wanaangalia wazazi wanaishi wapi. Kwa majimbo ya magharibi ulizia mpango wa WUE, wa kupunguziana ada kwa wanafunzi wa majimbo hayo, unalipa isiyozidi asilimia 150 ya ada ya mkazi, ila sio kila chuo wala kila kozi imo.